Mama, Nimeuza Picha ya Sindano

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujauliza habari zangu, kaa kwanza chini, maana anayekuandikia leo siye yule mtoto uliyemfukuza jikoni kwa kulamba mwiko. Anayekuandikia ni mfanyabiashara mkubwa kuliko wote waliowahi kuzaliwa katika ukoo wetu, hata ukiongeza na koo za majirani. Juzi nilimuuzia mwenye nyumba mlango wa nyumba yake mwenyewe, akanishukuru kwa kumpunguzia bei. Mbuzi akinisikiliza dakika mbili atanunua kamba ya kumfungia na ataomba risiti. Hakuna swali nililowahi kuulizwa nikakosa jibu, na walimu wangu ni mashahidi, ingawa wao majibu yangu waliyaita majina mengine. Hata mjomba, ambaye kusifu mtu kwake ni kama kung'olewa ukucha, ameacha kuniita kwa jina. Ananiita Redio, na mtaa mzima umemfuata.

Haya, majivuno pembeni. Hujambo mama? Goti lako linaendeleaje, lile linalojua mvua kabla ya mawingu? Na macho? Dada aliniandikia kwamba siku hizi ukitaka kutunga uzi kwenye sindano unamwita mtoto wa jirani. Sikucheka. Nilicheka kidogo. Kisha nikaiweka ile barua chini, na utaona huko mbele kwa nini. Sisi huku ni wazima, mjomba anakohoa asubuhi tu, na mimi nimeongezeka mwili kwa sababu hapa hakuna anayehesabu mara nilizopakua.

Uliponituma kwa kaka yako nikamsaidie kazi ya vibao, najua hasa ulitaka sukari ya nyumbani ipumzike. Sikulaumu. Lakini hukuniambia nakwenda kwa mtu wa aina gani. Au labda hata wewe hujui, maana ndugu ni kama pua, iko karibu mno na macho.

Mjomba ni fundi, mama. Hilo nalisema bila utani, na unajua mimi kusema kitu bila utani ni kama kutembea peku juu ya kokoto. Chumba cha mbele ndicho cha vibao, na hicho ndicho kinachotulisha. Mwezi uliopita aliandika USIKOJOE HAPA kwenye ukuta wa ghala moja, herufi zimenyooka, kila moja na kivuli chake, mpaka mtu aliyekuja mbio na haja zake anasimama, anasoma, anaona aibu, anakwenda kuharibu ukuta mwingine. Mwenye ghala la pili amekuja kulalamika.

Lakini mjomba mwenyewe yuko chumba cha nyuma. Kina dirisha moja, meza moja, na mbao za plaiwudi alizozipaka nyeupe mara tatu na kuzisugua msasa mpaka zinateleza kama shavu la mtoto. Brashi zimesimama kwenye kopo la maziwa, zimepangwa kwa urefu kama wanafunzi mstarini, na ole wako uiweke fupi nyuma ya ndefu. Humo ndimo anamochora picha zake, zile ambazo hakuna aliyemwagiza. Anaweza kumaliza asubuhi nzima akitafuta rangi ya kivuli cha kikombe. Nilimwambia kivuli ni cheusi, mbona hata mtoto anajua. Alinikalisha mbele ya kikombe chetu cha chai, akaniamuru nikitazame kivuli chake mpaka weusi uondoke. Nikatazama huku nacheka kimoyomoyo. Mama, weusi ukaondoka! Mlikuwa na zambarau mle, na kijani kidogo kilichotoka kwenye mlango. Tangu siku hiyo sijanywa chai kwa amani.

Sasa nikueleze habari ya picha moja. Ni yako. Mjomba aliichora miaka miwili, kwa kumbukumbu tu, akasema ndivyo ulivyokuwa ukikaa dirishani kwenu kabla hujaolewa. Unatunga uzi kwenye sindano. Umefumba jicho moja, ncha ya ulimi imechungulia kidogo pembeni mwa mdomo, vidole vimeshika uzi kama vimeshika bawa la nzi. Ukisimama mlangoni unauona uzi wazi kabisa, mweupe, unakaribia tundu. Ukisogea uutazame vizuri, haupo! Hajauchora. Amechora vidole, sindano na lile jicho lako lililofumbwa, basi, na uzi unauweka wewe mwenyewe unayetazama. Nilienda mbele na kurudi nyuma mara kumi na moja kama mtu aliyeangusha shilingi. Mjomba alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamwona amefurahi.

Kuchora, basi, anajua. Kuuza sasa, mama! Mungu hampi mtu vyote, na huyu alimnyima mdomo akanipa mimi yote miwili. Mteja akisimama mbele ya picha na kuanza kuipenda, mjomba humsogelea na kumwonyesha makosa. Humwambia mkono huu ulinishinda, na hapa rangi ilikauka kabla sijawa tayari. Mteja ambaye alikuwa haoni kosa lolote anaanza kuona makosa tu. Akiulizwa bei, hukohoa, hutazama dari, hutaja bei, na kabla mtu hajafungua mdomo kuomba apunguziwe, amekwisha kuipunguza mwenyewe. Niliwahi kumwuliza mbona bei ya kibao huitaja kama jemadari. Akasema kibao anauza rangi na muda wake, hivyo vina kipimo. Ile nyingine hajui anauza nini, na kila akitaja bei anajisikia kama amesimama sokoni bila shati.

Na wateja wenyewe! Mmoja alipenda picha ya ngazi, akauliza kama tunayo hiyohiyo lakini ya rangi ya damu ya mzee, ifanane na makochi yake. Mwenye nyumba ya wageni akataka picha nane za kutundika bure, ati wageni wake watamfahamu mjomba. Nikamwuliza kama na yeye huwalaza wageni bure ili vitanda vyake vifahamike. Mjomba alinikanyaga mguu, lakini niliona bega lake linatikisika kwa kicheko.

Aliyemwumiza ni mtu wa fremu. Huyu aliingia, akaishika picha ya kikapu cha vitunguu, akaigeuza mbele na nyuma, akalipa bila kubishana. Mjomba aliifunga taratibu kwa magazeti na kamba. Saa moja baadaye mtu karudi. Akasema fremu ni nzuri sana, inaitosha kabisa picha yake ya harusi, tafadhali atolewe hicho kilichomo ndani. Mama, mjomba alichukua koleo, akang'oa misumari mmoja mmoja, akatoa vitunguu vyake, akapangusa kioo kwa kitambaa, akamrudishia mtu fremu yake na kumtakia siku njema. Kisha akaenda nyuma akakaa.

Siku ya tatu ndipo aliposema. Kumbe mwenye nyumba alikuwa amekitaka kile chumba cha nyuma muda mrefu, aweke mifuko yake ya saruji. Mjomba akasema mwisho wa mwezi atamrudishia ufunguo, abaki na chumba cha mbele, awe mwandika vibao kama wenzake, na si kazi ya aibu. Nikaruka juu. Nikamwambia anipe mimi hizo picha, nitazimaliza kwa wiki moja, nitauza mpaka kopo la brashi. Akatikisa kichwa. Akaniambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamjibu kwamba methali hiyo aliitunga mtu ambaye hakuwahi kupanga chumba.

Akacheka, kisha akanieleza jambo ambalo nimelishika neno kwa neno. Alisema hataki kujua kama mimi naweza kuuza, hilo analijua na linamtisha. Anachotaka kujua kabla hajarudisha ufunguo ni kimoja: kama picha yake inaweza kumgusa mtu asiyemjua, yenyewe, bila mtu mwingine kumshika mkono. Akipata mmoja tu, mmoja, atakibakisha chumba hata kama italazimu kuandika vibao vya mji mzima. Asipompata, atajua alikuwa akijifurahisha miaka yote hii. Basi akaniapisha. Nizitundike nitakapo, nitaje bei, nitaje jina la mchoraji, na zaidi ya hapo nifunge domo langu. Nikaapa. Niliapa kwa goti lako, mama.

Sasa sikia akili ya mwanao. Nilijiuliza: ni wapi watu hukaa muda mrefu, hawana la kufanya, na hawawezi kukimbia? Kwa daktari wa meno! Mjomba alikuwa anamwandikia kibao kipya cha nje, kwa hiyo daktari alikubali haraka. Nikatundika picha sita, yako ikiwa mojawapo, katika chumba cha kungojea, nikajiwekea kiti cha plastiki kwenye kona, nikakaa kama mlinzi wa hazina. Nikagundua jambo ambalo wasomi hawajaliandika: mwenye jino bovu haoni picha. Anaona saa ya ukutani na mlango wa daktari. Wiki tatu nzima tuliuza moja, ile ya kivuli cha kikombe, nayo aliinunua daktari mwenyewe. Mjomba alifurahi, mpaka aliposikia inakwenda kufunika ufa.

Zilibaki siku mbili mwezi uishe. Mchana wa siku ile akaingia mama mmoja, mgeni, na begi la safari mkononi, shavu limevimba kama amehifadhi chungwa. Jino lilimshika njiani, akashuka garini, akaelekezwa. Akang'olewa. Akatoka na pamba mdomoni, na daktari akamwambia akae kidogo mpaka damu ikatike. Akakaa. Kiti kilikuwa kinaelekeana na wewe.

Hakutazama saa, mama. Alikutazama wewe. Akainama mbele kidogo, akarudi nyuma. Mimi nikajua anatafuta uzi. Ulimi wangu ukaanza kuwasha kama umepakwa pilipili. Nikauma meno. Nikahesabu vigae. Kisha nikafikiria mifuko ya saruji ndani ya chumba kile, na zile brashi zilizopangwa kwa urefu, nikasema moyoni kwamba neno moja si kiapo kizima.

Nikamwambia huyo ni mama yangu. Mpaka hapo nilikuwa mkweli. Lakini mimi neno moja halijawahi kunitosha, unanijua. Nikamwambia ni marehemu mama yangu. Nikamwambia mchoraji ni kaka yake, hajapata usingizi tangu siku ile. Nikamwambia tulikukuta dirishani hivyohivyo, sindano mkononi, uzi bado haujapita. Mama, nilisema vizuri! Sauti ilishuka pale panapotakiwa, nikanyamaza pale panapotakiwa. Nilikaribia kulia mwenyewe, na mimi ndiye niliyekuwa najua u mzima na pengine wakati huohuo unamgombeza mtu.

Nilipomaliza nikamwona analia. Machozi yanateremka kwenye lile shavu lililovimba na haangaiki kuyafuta. Akafungua pochi, akatoa bei yote, hakuomba kupunguziwa hata senti. Akaishusha picha ukutani mwenyewe, akaikumbatia kifuani.

Na hapo ndipo mjomba alipoingia, na kopo la rangi mkononi, kutoka nje alikokuwa anamalizia kibao. Alisimama mlangoni. Alimwona mtu asiyemjua ameikumbatia picha yake huku analia. Sijui nikuambieje uso wake ulivyokuwa. Kama mtu aliyebisha hodi miaka arobaini, na leo mlango umefunguliwa. Ilidumu kwa muda wa kuwaka njiti ya kiberiti. Nikamwonyesha yule mama kwa kidole kwamba mchoraji ndiye huyu, naye akamwendea, akamshika mkono wenye rangi, akamwambia kwa ile pamba mdomoni, pole sana kwa dada yako.

Mjomba akanitazama. Mimi nikamfanyia ishara kwa nyusi. Akarudisha macho kwa yule mama, akasema asante. Akachukua magazeti na kamba, akaifunga picha vizuri, pembe zote nne, akambebea mpaka barabarani, gari likaja likamchukua.

Basi ndiyo habari, mama. Picha imeuzwa kwa bei kamili, na mwanao ndiye aliyeiuza. Ila katika kuiuza nimekuua kidogo, na hilo ndilo nililotaka kuungama. Nisamehe. Kama itakufariji, ulikufa vizuri, umetulia, na nilikusifu kuliko nitakavyokusifu siku yenyewe. Ukikutana na mama mmoja mgeni mwenye pengo, akikutazama kama mzimu, mpe kiti na maji, kisha umcheke kwa niaba yangu.

Msalimie dada na umwambie asimpe mtu soksi zangu. Msalimie mtoto wa jirani anayekutungia uzi, nikija nitamletea zawadi. Wote wanaonidai wasalimie kwa mbali. Mjomba angekusalimu lakini yuko nje amekaa. Nakutakia afya, na uendelee kuwa hai, maana sasa hivi linanihusu sana.

Ni mimi mwanao,
Redio

Mama, bahasha nilishailamba na kuifunga. Nimeifungua tena, kama utakavyoona ilivyochanika. Nimekudanganya kwamba nimeungama. Kukuua si kitu, wewe utanichapa nikija na tutakula. Kuna jingine.

Siku ile, gari lilipoondoka, mjomba hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa daktari, akafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, akaniambia nikae. Aliniuliza nimemwambia nini yule mama, nikamweleza yote. Akaitika kwa kichwa. Kisha akaniuliza swali moja, kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza saa. Aliniuliza kama yule mama alianza kulia kabla sijafungua mdomo, au baada.

Hilo tu. Na jibu lilikuwa ulimini tayari, limepigwa pasi. Ningesema kabla, mjomba. Nilikuwa bado sijakohoa, machozi tayari. Angeniamini, mama. Alikuwa amegeuka ananiangalia, na niliona anataka kuniamini kuliko alivyowahi kutaka kitu. Neno moja, na mifuko ya saruji ingelala nje.

Sikuweza. Nikasema sijui. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza kulisema neno hilo tangu nizaliwe, na lilitoka kwa shida kama lile jino.

Mjomba akangoja, labda akidhani nitakumbuka. Mwishowe akasema, au alikuwa analia jino. Tukacheka wote wawili, kisha tukaacha.

Nilikimbilia kwa daktari kuuliza yule mama ni nani na anatoka wapi. Hakuna ajuaye. Alikuja njiani, akaenda njiani. Jana mwenye nyumba alikuja kuchukua ufunguo. Mjomba aliuweka dirishani, akamwomba asubiri mpaka Ijumaa, na mpaka sasa haugusi ufunguo wala hagusi brashi. Anaingia mle ndani, anakaa, anatazama msumari ambapo ulikuwa umetundikwa wewe kabla sijakupeleka kwa daktari. Anajaribu kujijibu. Na hawezi, kwa sababu chumba kile cha kungojea kilikuwa na watu wawili tu, mmoja amekwenda na mwingine ni mimi.

Nimejaribu kukumbuka, mama. Nafumba macho, naanza pale alipokaa. Anainama mbele. Anarudi nyuma. Anatafuta uzi. Halafu nasikia sauti yangu inaanza, tamu, inashuka na kupanda, na kuanzia hapo simwoni tena. Nilikuwa hatua mbili kutoka usoni pake. Jibu analolitaka mjomba lilikuwa pale, linateremka kwenye shavu, na sikulitazama. Nilikuwa najisikiliza.